Shokapu za Mawese

Mume wangu ndiye mwanzilishi wa kiwanda cha kwanza cha shokapu katika ukanda mzima wa Ziwa Tanganyika, Kongo ikiwemo. Mimi ndimi nisemaye hivyo, na mpaka leo hajatokea wa kunipinga. Kiwanda chenyewe kilianza kama kibanda cha mabati pale Rusimbi, hapa Kigoma, chenye mashine ya kuchomelea, nyundo mbili na lundo la shokapu zilizokufa. Alizipasua, akabadilisha sili za mpira, akajaza mafuta mapya, akazichomelea na kuzipaka rangi nyeusi. Ukizitazama ungeapa zimeshuka melini asubuhi ile.

Tulijuana kwenye masomo ya jioni, Mwanga. Mimi nilifuata cheti cha kidato cha nne. Yeye nadhani alifuata usingizi, maana alisinzia kuanzia Historia mpaka Baiolojia. Alizinduka kwenye Fizikia tu, mwalimu alipofika kwenye springi, na siku hiyo aliuliza maswali mpaka mwalimu akaomba maji ya kunywa. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Kikwazo kilikuwa baba. Alikuwa dereva mstaafu, akisomba mawese kutoka shambani hadi sokoni, alikouzia mama, kwa pikapu iliyorukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Aliposikia nina mchumba, hakuuliza dini wala ukoo.

“Anatengeneza shokapu?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi afunge zake kwenye gari langu. Asiyeweza kutuliza pikapu, atakutuliza wewe na mdomo huo?”

Akampelekea gari bila taarifa, siku ambayo kiwanda hakikuwa na tone la mafuta ya shokapu, na duka la vipuri limefungwa. Mchumba wangu akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye dumu la mawese aliyokuwa akiungia maharage. Mafuta ni mafuta! Akajaza shokapu zote nne, akazifunga.

Saa nane mchana, jua la kukaanga yai, baba alikwenda Ujiji na kurudi na kikombe cha chai juu ya dashibodi. Chai haikutikisika, hata nzi aliyekuwa ukingoni hakuruka.

“Godoro!” baba akasema. “Wazee wake walete posa kesho asubuhi. Kaka yangu nitamfuata mwenyewe Ujiji, na gari hili hili.”

Huyo baba mkubwa, nawaambieni, bila neno lake hakuna binti wa kwetu anayeolewa.

Usiku ikanyesha mvua, kukapambazuka baridi. Na kila mtu wa Kigoma anajua mawese yanafanya nini kwenye baridi. Yaliganda. Pikapu ikawa imeegemea vyuma vinne.

Baba mkubwa alishuka kwenye pikapu mbele ya nyumba yetu, kofia ikiwa imezama mpaka masikioni. Wazee wa posa walikwisha keti.

“Mwakeye, mzee,” wakamwamkia kwa Kiha.

Akajibu kwa kushika kiuno. “Nani katengeneza gari hili? Kila shimo naruka! Kule Rusimbi nimeruka mpaka nimewaona Wakongo wanavyoanika dagaa!”

Baba akamtazama mchumba wangu, mimi nikatazama ndoa yangu ikiondoka.

“Shikamoo, mzee,” mchumba akasema. “Ni mimi. Mafuta yaliniishia, nikatia mawese. Yameganda.”

Baba akainama chini ya pikapu, akakwangua kwa ukucha pembeni ya sili, akanusa. “Mbona haya ni mawese yangu!”

“Nilinunua kwa mama, sokoni.”

Baba mkubwa akaketi taratibu, kama anayeatamia mayai. “Jua likiwaka?”

“Yanayeyuka, mzee.”

“Kaka, jana lilikuwa godoro,” baba akadakia.

“Hm. Nimepanda magari miaka yote, sijaona fundi asiyelaumu barabara. Posa nimepokea. Ila harusi iwe saa saba mchana, jua kali. Na mimi kurudi Ujiji, vivyo hivyo.”

Vigelegele vikapanda. Jua ndilo halikupanda. Baba mkubwa akala chakula cha mchana, akala vitumbua vya jioni, akatazama mawingu, akaguna. Mwisho mchumba wangu akaingia uvunguni mwa pikapu na jiko la mkaa, anapasha shokapu moja moja, na baba mkubwa amechuchumaa pembeni, upepeo mkononi, akimpepelea moto.

“Pole pole, mkwe,” alikuwa akisema. “Usiyaunguze.”