Udongo wa Mayala

Justa alianza kuendesha baiskeli kabla miguu yake haijafika kwenye pedeli. Watu wa Ngokolo walimjua hivyo: kwanza binti wa kubeba madumu ya maji kwenye keria, kisha mke wa Mayala, yule anayeshinda mashindano ya wanawake na kurudi na vitenge. Sasa ni mjane, na anaongoza safari za baiskeli za giya. Jumamosi hupakia baiskeli kwenye Canter na kuwapeleka watu wa mjini hadi upande wa Bulyanhulu. Wanashuka, wanapita njia nyembamba ya vilima hadi Kituo cha Mwambani, ambako kuna kamba za kupandia miamba, daraja la kuning'inia na pilau ya mchana. Jioni wanarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye gari.

Kazi hiyo ni ya miguu, lakini ni ya mdomo pia. Aliye mbele anaona, walio nyuma hawaoni. Kwa hiyo Justa husema siku nzima. "Mchanga!" "Mawe, punguza!" "Breki ya nyuma, si ya mbele!"

Njia hiyo inapita kando ya maduara ya zamani, mashimo ya wachimbaji wadogo waliohama dhahabu ilipokatika. Katika duara mojawapo yumo Mayala. Kifusi kilimfunika masika moja ya mvua nyingi, binti yao Nelly akiwa bado ananyonya. Wenzake walichimba kumtafuta hadi shimo likataka kuwameza na wao, wakaacha. Siku zile mwanamke hakuruhusiwa kusogelea machimbo. Waliamini dhahabu itakimbia. Justa alisimama mbali, akaonyeshwa kwa kidole, akarudi.

Katika ukoo wa Mayala, huko Kolandoto, aliyefia mahali asipoweza kutolewa hurudishwa nyumbani kwa udongo. Mjane huuchota kwa mkono, huufunga katika nguo ya marehemu, huubeba kifuani. Akishamwita marehemu, hasemi tena mpaka wafike. Akisema, marehemu hudhani safari imeisha, hushuka, hupotelea hapo hapo porini.

Mama mkwe wake, ambaye kila mtu nyumbani alimwita Mayu, kwa maana ya mama, alikuwa amengoja miaka.

"Mama Nelly," alimwambia Justa Ijumaa moja, "nasikia siku hizi mnapita pale pale."

"Tunapita, Mayu. Wachimbaji wamekwisha ondoka."

"Hizi dawa za magoti sizimezi ili niishi milele. Niletee mtoto wangu, niende nikijua yuko wapi."

"Twende wote."

"Niliapa macho yangu hayataliona lile shimo." Akaingia ndani, akatoka na shati la Mayala, la bluu, limekunjwa kwa namna ya kitu kilichokunjwa mara nyingi.

Kesho yake Justa alipanga na Boaz, msaidizi wake. Wakati wa kurudi, baada ya kuchota, Boaz atangulie. Yeye atashika mkia, na hatasema.

"Na mtu akianguka?" Boaz aliuliza.

"Wewe utasema."

Wageni wa siku ile walikuwa vijana wa mjini, na mwenye kelele kuliko wote alikuwa Rushabh, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Kule kituoni alikwama katikati ya mwamba, akaning'inia kwenye kamba huku miguu ikitafuta pa kukanyaga.

"Rushabh, shuka, wateja wanakungoja!" wenzake walimpigia kelele.

"Niacheni! Huku juu hakuna anayeniomba bei ya jumla."

Hata Justa alicheka. Lakini pilau hakuimaliza.

Walipofika kwenye duara wakati wa kurudi, Boaz alipitisha wageni. Justa alilaza baiskeli, akapiga magoti. Majani yalikuwa yameota ukingoni, mafupi, kama nywele za mtoto. Akachota udongo, akaufunga katika shati, akalikaza kifuani chini ya koti.

"Mayala," alisema. "Twende nyumbani."

Kisha akafunga mdomo.

Haukupita muda Rushabh alipunguza mwendo, akaja sambamba naye. "Dada Justa, umemeza pampu? Tangu tule hujanigombeza hata mara moja."

Boaz aligeuka kutoka mbele. "Mwache. Leo dada hasemi. Ana msiba wake."

Rushabh alijiziba mdomo kwa kiganja, akainamisha kichwa kuomba radhi. Aliona aibu, na aibu ikamtia haraka. Akataka kuwa mbali na pale. Njia ilipoanza kuteremka, Boaz na wengine walikwisha ingia bondeni. Rushabh aliacha njia, akakata kupitia uwazi wa majani mabichi, laini, yaliyoonekana mazuri kuliko mawe.

Justa aliyajua majani yale. Katika ardhi kavu kama hii, ubichi wa namna ile humea pale tu maji yanapotuama, kwenye mdomo wa duara lililoachwa wazi. Akapiga kengele. Akaipiga tena na tena. Rushabh, bila kugeuka, aliinua mkono, kama mtu anayesalimiwa.

"Rushabh! Simama! Shimo!"

Kijana alijitupa ubavu. Baiskeli iliendelea bila yeye, ikazama katika majani. Waliisikia ikigonga ukuta wa shimo, ikagonga tena, kisha kimya kirefu, kisha chini.

Justa alishika kifua. Shati lilikuwepo, na uzito ulikuwa ule ule. Hata hivyo aligeuka akatazama vichaka nyuma yake, kama mtu aliyehisi mzigo umedondoka kwenye keria.

Ndani ya Canter, Boaz alikwisha mweleza Rushabh. Kijana alikaa karibu na Justa, magoti yamechubuka.

"Dada, nimekuharibia."

"Upo," Justa alisema. "Inatosha."

Alishukia Kolandoto. Mayu alikuwa amesimama katikati ya zizi, kando ya shimo dogo la kuzikia udongo, alilochimbiwa na majirani. Hakumkaribisha, kwa kuwa mbeba udongo hasalimiwi. Aliona uvimbe chini ya koti, akanyoosha mikono yote miwili.

Justa alisimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa. Boaz asingemwambia mtu kwamba alisema njiani. Ilibaki kutembea tu, mdomo umefungwa, mpaka kwenye mikono ile.

"Shikamoo, Mayu."

Mikono ya bibi ilishuka.

"Ulisema wapi?" aliuliza.

"Kilimani. Kijana alikuwa anaingia kwenye duara."

"Ukamwita?"

"Nikamwita."

"Akasikia?"

"Alisikia, Mayu. Akasimama."

Bibi alilichukua shati, akalifungua, akaumwaga udongo chini ya minyaa, kwa kuwa sasa ulikuwa udongo tu. Akakung'uta shati. Akalikunja.

"Mama yake yupo, huyo kijana?"

"Yupo."

"Siku ile ya Mayala nilimuuliza kila aliyetoka kule: hakuna aliyepiga kelele? Wakasema hakuna aliyeuona ufa." Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi limetanda juu ya zizi. "Mjane akishindwa, ni zamu ya mama. Ile baiskeli yako yenye keria bado ipo?"

"Ipo. Lakini uliapa, Mayu."

"Niliapa."

Wiki iliyofuata Canter iliwashusha mwanzo wa njia, wao wawili na baiskeli ya zamani. Penye mlima Justa aliisukuma, mama mkwe akiwa juu yake. Mayu aliliona duara. Alilitazama kwa muda aliotaka, akachota kwa mkono wake, akamwita mwanawe, akafunga shati kifuani na kunyamaza.

Wakati wa kurudi Justa ndiye aliyesema, kwa kuwa si yeye aliyebeba udongo.

"Mawe, Mayu. Nishike kiuno."

"Mchanga huu."

Walipofika karibu na majani yale mabichi, ambayo sasa yalikuwa yamezungushiwa miiba, alifunga breki. Akageukia vichaka.

"Mayala," alisema. "Uliposhuka ni hapa. Panda."

Akangoja kidogo. Mikono ya bibi ilimkaza kiuno. Kisha Justa akakanyaga pedeli, na baiskeli ikaanza kwenda, nzito, taratibu.