Fuawe ya Ankal Imepasuka na Mimi Ndio Naulizwa Kama Itengenezwe

Admin, ficha jina langu lakini usifiche hii: kutoka Thika mpaka Ruiru hakuna kijana anagonga chuma kunishinda. Nipe springi ya lori asubuhi, kabla ya chai ya saa nne nimekupa panga ya kunyolea ndevu. Nina miaka ishirini na tatu. Shule niliachia form two, na hao walibaki darasani wakihesabu pembe za pembetatu ndio leo wananiletea majembe niwanolee. Kama mko na wivu, someni tu polepole.

Nafanya kazi hapa mtaa wa Kamenu na Ankal, ndugu ya mama. Alitoka Vihiga akiwa kijana, akaandikwa shamba ya kahawa, na siku karakana ya shamba ilifungwa alipewa kitu moja tu: fuawe. Kwa wale hamjui, ni ile chuma kubwa nzito unawekea chuma ya moto juu yake ukigonga. Yetu tuliikalisha juu ya gogo. Hapo ndio tunanoa tindo za watu wa kwari, wale wanachonga mawe ya kujenga. Hiyo fuawe imelisha watoto wanne wa Ankal, na mimi wa tano mwenye tumbo kubwa.

Ankal ana tabia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa anagonga fuawe tupu mara tatu na nyundo ndogo, anainamisha kichwa, anasikiza. Ikilia kama kengele ya kanisa anasema imeamka, tunaanza kazi. Nilikuwa namcheka sana. Namwambia, Ankal, hebu iulize pia kama imekunywa chai.

Mapema mwaka huu akaenda nyumbani kuzika binamu yake, akaniachia kazi wiki nzima. Kurudi akapata nimeifunga fuawe mnyororo kiunoni. Nikamwambia jirani amejifungua, mtoto halali juu ya kelele, na mnyororo unaua ule mlio. Ankal alifurahi. Akaambia anti, bibi yake, ati hatimaye nimepata akili ya mtu mzima. Zile tatu za asubuhi akaacha kuzigonga. Angesikia nini na mnyororo?

Siku ya nne alikuwa ananyoosha tindo kwa kona ya fuawe. Nyundo ikashuka, kona ikaruka. Kipande kidogo kama kucha ya kidole gumba kikaingia jicho la kushoto. Hakupiga nduru. Alikaa chini kando ya ndoo ya maji, akafunika uso, akaniuliza kama tindo ya mteja imepinda. Hospitali walitoa jicho lote.

Tangu hiyo siku hajashika nyundo. Anakaa mlangoni na kitambaa usoni, na mtu wa kwari akiuliza ilikuwaje anamjibu tu, "Ni mimi nilikosea. Mkono umezeeka." Kuna jioni nilimpata peke yake akigonga ukuta na kidole, mahali pamoja, tena na tena, anajipima kama anakosa. Nilirudi nje kinyumenyume.

Sasa fuawe imebaki na pengo na ufa. Niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea huko Kimbo, msee anaheshimiwa. Akaigonga, ikalia kama sufuria mbovu. Akasema inatengenezeka: akate sehemu mbaya, apashe chuma yote moto kwa makaa mpaka ndani, ajaze na rodi ngumu za kuchomelea, kisha aifukie kwa jivu ipoe polepole siku mbili. Lakini ufa umeingia ndani na hajui umefika wapi.

"Inaweza kukaa miaka kumi," akaniambia. "Inaweza kuruka siku ya kwanza, na haichagui uso."

Kisha akapitisha kidole kwa lile pengo, akaniangalia. "Kuna mjinga alichomelea hapa mbeleni, na rodi za kuchomelea mageti, bila kupasha chuma moto. Nani huyo?"

Nikasema labda ni watu wa shamba, zamani.

Anti anataka iende skrapu, hataki kuiona hata ikiwa imefunikwa gunia. Ankal anataka itengenezwe. Nyingine kama hiyo hatuna pa kuipata, na kipande cha reli tunachotumia sasa kinarukaruka kama mbuzi, hadi watu wa kwari wameanza kupeleka tindo kwingine. Juzi akaniita mbele ya anti.

"Wewe ndio utakuwa unaigonga, si mimi," akasema. "Ukisema itengenezwe, tutatengeneza. Ukisema iende, iende. Naamini macho yako kuliko hili langu limebaki."

Anti akaniangalia. "Sema basi, wewe wa maneno mengi. Leo yameisha?"

Nikasema nipewe mpaka Jumapili. Jumapili ni kesho kutwa, ndio maana niko hapa kwenu. Mafundi mko hapa, wazazi mko hapa. Itengenezwe ama iuzwe? Na nikijibu, nijibu nikiangalia wapi?

Lakini msinishauri bila kujua. Yule mjinga ni mimi. Ankal akiwa nyumbani, vijana wa Wendani walikuja kunichukua video, nikagonga kona ya fuawe tupu na nyundo kubwa niwaonyeshe nguvu. Kona ikamegeka. Nikaichomelea, nikaisaga, nikapaka masizi na oili, ikakaa mpya kabisa. Halafu nikaigonga mara tatu kama Ankal. Haikulia.

Angejua asubuhi ya kwanza. Jirani ana mtoto, hiyo ni kweli, lakini hajawahi kulalamika. Hata anasema mtoto alikuwa amezoea kulala na ile kengele. Mnyororo niliufunga ndio Ankal asisikie.