Zawadi ya Kucheza

Mtu akikuambia kwamba wakubwa wa karakana ile ya mota huko Panda hawakujua uwezo wa Hortense, usimsikilize. Walijua vizuri sana. Mota ikiungua siku ya Jumapili, gari la kampuni lilimfuata mpaka mlangoni pa kanisa, na dereva akapiga honi katikati ya mahubiri bila haya. Halikwenda kwa mwanamume yeyote. Kama wangekuwa hawajui, tungewahurumia kwa ujinga wao. Lakini walijua, na hapo ndipo habari yenyewe inapotia kinyaa.

Hortense alizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, akasoma kwa wamisionari wa Mulungwishi, kisha akaolewa na Casimir, mfanyakazi wa tanuru, akaja kukaa naye katika kambi ya wafanyakazi. Wazungu wengi walipoondoka na mafundi kuadimika, kampuni ya serikali iliyochimba shaba ilitafuta watu wa kusuka mota upya, yaani kutoa nyaya za shaba zilizoungua na kuzungusha mpya mahali pake. Bwana mmoja ofisini akawaza kwamba wanawake wana vidole vyembamba na hawadai makubwa, basi wakachukuliwa wachache. Waliacha mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikatazwa na mumewe, mwingine alichoshwa na mimba, na wengine walikimbia mikono ya wakubwa, ile mikono inayopotea njia kila mara inapopita karibu na kiuno cha mtu. Hortense akabaki peke yake na wanaume.

Zama zile majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na ndani ya geti kila mtu alikuwa Citoyen huyu na Citoyenne yule, yaani mwananchi fulani. Lakini nje ya geti watu waliitana kama padri au mchungaji alivyowaita, nasi tutafanya hivyo hivyo.

Mkuu wa kikosi cha kusuka mota alikuwa Mzee Ambroise, mtu wa maneno machache aliyemfundisha Hortense kazi yote. Mzee alipostaafu, kiti chake kikabaki wazi, na Hortense akakitaka. Alikitaka waziwazi, wala hakujificha nyuma ya unyenyekevu. Miaka mingi alikuwa amefundisha wanaume ambao baadaye walipanda na kumpita, wakarudi kumwamrisha. Zaidi ya hayo, mkuu wa kikosi ndiye aliyechagua wanafunzi wapya wa kazi, na binti yake Mélanie alikuwa anamaliza shule akitamani waya na koleo kuliko sindano. Bila mama yake kupata kiti kile, Mélanie hakuwa na mlango wa kuingilia.

Aliyekuwa akigawa viti ni Barthélemy, mkubwa wa karakana nzima. Alivaa abakosti, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwikoni, akanukia marashi asubuhi na bia mchana, na wanawake wote wa kampuni, hata waliomzidi umri, aliwaita mabinti zake. Hortense alipomwendea, alimsikiliza huku akichokoa meno.

"Citoyenne, minye siko na shida na weye," alisema. "Unatumika kazi muzuri. Lakini banaume bote bale batasikilia mwanamuke? Na siku utakuwa na mimba, équipe itabakia na nani?"

"Chef, mutoto wangu wa mwisho ni Mélanie, na anamaliza masomo," Hortense alimjibu. "Mimba gani tena?"

Wanaume waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Barthélemy naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia mdomoni. Akaona afadhali atafute njia ya kuonekana mtu wa haki, akatangaza shindano. Wajumbe wa chama tawala walikuwa wanakuja kutembelea Panda. Hortense angesuka mota moja kubwa ya pampu, na Constantin angesuka nyingine. Siku ya wageni kila mmoja angesimama kando ya mota yake ikiwashwa, na anayestahili angetajwa hapo hapo mbele ya watu wote.

Constantin hakuwa mtu mbaya. Hortense ndiye aliyemshika mkono tangu siku yake ya kwanza, naye alimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Alikuwa fundi wa kadiri, mwenye haraka kidogo, na aliposhindwa kufunga vichwa vya nyaya katika mota yake ya shindano, alikwenda kumwomba yaya amsaidie. Yaya akamsaidia. Kwa kweli nusu ya mota ile ilitoka mikononi mwa Hortense, na karakana nzima iliona.

Siku mbili tatu kabla ya ugeni ikaja amri. Wanawake wote wa kampuni, kuanzia wapiga taipu hadi wauguzi, wangetoka kwenda kuwachezea wageni getini. Hii ndiyo iliyoitwa animasyo. Ungeweza kuwa na cheti chochote, ukifika wakati wa ngoma ya chama ulikuwa kiuno tu. Kukataa ilikuwa siasa, na siasa wakati ule ilimfuata mtu mpaka kwa mumewe na watoto wake.

"Na shindano, chef?" Hortense aliuliza.

"Utacheza kwanza, kisha utaingia kusimama pa moteur yako," Barthélemy alisema, akampiga piga begani. "Minye ni baba yenu. Nitakusahau?"

Siku yenyewe walisimamishwa juani tangu asubuhi. Wote walifungwa kanga za chama zenye picha ya Kiongozi wa nchi, na uso wake ukawakalia mahali ambapo mtu mwenye adabu hatazami, ingawa Barthélemy alitazama sana. Hortense aliwekwa mstari wa mbele kwa sababu ya urefu wake. Wageni walichelewa mpaka jua likawa utosini. Walipofika, wanawake walicheza, wakaimba jina la mtu mmoja lile lile, wakazunguka na kuinama walivyofundishwa. Mwanamke aliyekuwa akisuka mota za pampu za Panda alitikisa mabega mbele ya watu wanene waliokuwa wakipepewa, akijiambia moyoni kwamba ni saa moja tu, ivumiliwe, halafu ataingia ndani.

Ngoma ilipokwisha akavaa salopeti yake ya kazi juu ya kanga, akakimbia karakanani, jasho likimtiririka. Mota zote mbili zilikuwa zimewekwa katikati, zimepakwa rangi mpya. Alikuwa amebakiza hatua chache kuifikia ya kwake Barthélemy alipomkinga, akamtia sinia la bia mikononi.

"Bageni beko na kiu, citoyenne. Pitisha kwanza."

"Chef, moteur yangu..."

"Pitisha!"

Mtu mwenye sinia lililojaa chupa hana mikono. Hortense alikuwa amelishika hivyo, katikati ya wageni, mota zilipowashwa. Zilizunguka zote mbili, laini, bila kelele, na watu wakapiga makofi. Mjumbe mmoja mwenye tumbo akauliza ni nani aliyezisuka. Barthélemy akamsukuma Constantin mbele.

"Ni huyu citoyen, zote mbili. Njo chef wetu mupya."

Constantin akainua macho. Akamwona yaya wake amesimama na sinia. Neno moja lingetosha. Hata kusema tu kwamba walisaidiana kungetosha. Akaangalia viatu vyake, viatu vipya alivyovaa kwa ajili ya siku ile, na akanyamaza.

"Na huyu?" mjumbe akauliza, kwa kuwa Hortense alikuwa amemkazia macho.

"Huyu ni wa animation. Anacheza muzuri sana!"

Mjumbe akafurahi. Akatoa noti, akailamba kidogo kwa ulimi, akambandikia Hortense kwenye paji la uso lililolowa jasho, kama wafanyavyo walevi kwa wachezaji kwenye baa. Wakacheka wote. Noti ile ilimshika usoni, na mikono yake ilikuwa na sinia. Ilimbidi awapitishie bia wote, mmoja baada ya mwingine, na mate ya mtu yule yakiwa juu ya nyusi zake. Alipopata pa kulitua sinia alikwenda nyuma ya ghala akafungua bomba. Alinawa uso kwa sabuni ya mafundi, ile yenye mchanga, mpaka ngozi ikawaka, na bado akahisi unyevu ule.

Wiki iliyofuata Barthélemy aliwakusanya tena watu. Safari hii alikuja na zawadi ya mchezaji bora: kanga mpya kabisa, yenye Kiongozi na kofia yake ya chui, imekunjwa vizuri. Akampa Hortense mbele ya kikosi kizima na kuwaambia wapige makofi. Wakapiga. Constantin alipiga pia, taratibu.

Nyumbani Casimir aliigusa kanga ile akaisifu.

"Ni kitambaa ya kweli, Mama Mélanie. Utashonesha. Na unashukuru Mungu habakukufukuza, juu ya vile uliangalia ule mukubwa."

Hortense alimtazama mumewe, mtu aliyempenda, na kinyaa kikamrudia upya. Mélanie alikuwa mlangoni, amesikia yote, naye hakuuliza kitu kuhusu kazi tena. Kimya cha mtoto yule kilimuuma mama yake kuliko kile cha Constantin.

Maisha yakaendelea, na kazi pia, kwa sababu shaba haingoji mtu apoe. Constantin alikaa kwenye kiti cha Mzee Ambroise, na jambo gumu likitokea alikiacha kimya kimya na kwenda kwa yaya. Kisha vifaa vikaanza kukosekana, kama kila kitu kilivyokuwa kikikosekana nchini. Ukakosekana utepe wa pamba. Nyaya za mota zikishaingizwa, vichwa vyake hufungwa kwa utepe huo, vikamiminiwa vanishi na kuokwa mpaka vikauke, la sivyo mtikisiko utavila. Ilikuja mota ya pampu, ya haraka, na utepe hakuna.

"Tutafanya namna gani?" Hortense aliuliza.

"Article quinze, yaya," Constantin alisema, kama ambavyo nchi nzima ilisema wakati ule, maana yake jitegemee utakavyojua. "Fanya namna yako. Minye nitakubali yote."

Hortense akafanya namna yake. Alifunga vichwa vya mota ile kwa uzuri ambao Mzee Ambroise angeusifu, akamimina vanishi, nyeusi na nzito, akaisukuma tanurini. Ilipotoka, Constantin aliitazama akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa ndani kulikuwa na joto. Barthélemy alipokuja, akamwambia kwa sauti ya mkubwa kwamba amekagua kila kitu mwenyewe, waya kwa waya. Mota ikapelekwa, ikafungwa, ikazunguka vizuri.

Baada ya siku kadhaa Constantin akakumbuka kuuliza.

"Yaya, ile ruban ya kufungia ulipata wapi? Magasin haina kitu."

Hortense alikuwa ameinama juu ya kazi nyingine.

"Ni ile zawadi yangu ya kucheza. Nilifua, nikakata."

Constantin alicheka kwanza. Halafu kicheko kikamkauka. Alikumbuka kilichochorwa juu ya kitambaa kile. Akageuka kuangalia mlango, akasogea karibu mpaka akanong'ona.

"Yaya, unataka batuue? Bantu banafungwa ku kashoo juu ya kukanyaga tu picha yake! Weye ulimukata vipande vipande?"

"Na nikamupika mu tanuru," Hortense alisema. "Eko ndani ya moteur, anazunguka. Na weye njo ulisema mbele ya chef kama ulikagua yote."

Kijasho kilimtoka mtu yule juu ya mdomo. Hortense alikuwa amekata kanga ile kwa hasira tu, bila kupanga lolote, ili apate kuiona ikizama katika vanishi. Lakini sasa alimwona Constantin anavyoutazama mlango tena, na akaelewa ana kitu mkononi. Hakukipenda. Ilikuwa namna ya Barthélemy, namna ya watu wote wa abakosti, kumshika mtu kwa woga wake. Alijisikia uchafu, na bado hakukiachia.

"Minye nitasema nini, yaya?"

"Hakuna kitu. Siku ya bageni ulijua kunyamaza. Nyamaza tena."

Constantin akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na Mélanie atakuya Jumatatu kuomba kazi."

"Chef Barthélemy anasema hataki tena banamuke..."

"Nani anachagua banafunzi ba équipe?"

"Minye," alisema, kwa sauti ndogo.

"Basi. Utamukamata. Na siku ya animation, atabakia hapa, ku kazi. Utabaambia eko na moteur ya haraka."

"Ndiyo, yaya."

Alibaki amesimama pale, kama mtu anayengojea kusamehewa. Hortense alivuta waya, akaupima kwa macho.

"Sasa toka mu mwangaza yangu," alimwambia. "Minye niko natumika."