Kompyuta Isiyo na Risiti

Kiti cha mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa nilikikalia tangu tulipokuwa tukipimia maziwa kwa kikombe kando ya barabara. Nilinyang'anywa kwa sababu ya kitu cha bure. Wacha nieleze vile ilivyokuwa, maana Dundori yote imeambiwa mimi ni mwizi.

Tulikuwa na kompyuta moja, mitumba ya Nakuru mjini. Hiyo ndiyo ilikuwa ikihesabu maziwa ya kila mama asubuhi. Ikazeeka. Ukiiwasha, unakamua ng'ombe wawili kabla haijaamka, na ikiamka inaanza kudai: programu yako imepitwa na wakati, nunua nyingine. Wanachama wakachanga pesa ya kununua hiyo nyingine, wakanikabidhi mimi.

Mjukuu wangu, yule aliyebeba jina langu, alikuwa amekuja likizo ndefu. Anasomea mambo ya kompyuta.

"Shosho, mbona mnunue?" akaniuliza. "Kuna programu inaitwa Linux. Ni ya bure, na haina mwenyewe."

"Kitu gani hakina mwenyewe?"

"Watu waliitengeneza, wakaiachilia. Yeyote achukue, abadilishe, ampe mwingine. Hakuna mtu atakuja kesho awafungie."

Hapo ndipo aliponipata. Mimi nilizaliwa kwenye shamba la mzungu. Baba yangu alijenga nyumba kwa mikono yake juu ya ardhi ya mtu, na siku tuliyoambiwa tutoke, tulitoka na sufuria. Nikamwambia msichana, leta hiyo.

Akaileta kwenye flashi, akaichomeka, nikaijaribu kabla hatujagusa chochote cha zamani. Kumbe unachagua hata sura ya skrini. Ya kwanza ilikuwa tupu kama uwanja uliofagiwa, kila kitu kimefichwa kwenye kona. Ya pili ilikuwa na vitu vinavyorukaruka na kuyeyuka, mashine ikaanza kuhema.

"Hiyo ni ya kuringa," nikasema. "Toa."

Ya tatu ilikuwa na mstari huku chini, kitufe kwenye kona, saa upande ule mwingine, kama zile ambazo wamama wamezoea kuona kwa cyber. Haikuwa na maringo.

"Hii. Hii wataijua."

"Umechagua poa, shosho. Hii ndiyo nyepesi kwa mashine nzee."

Nikajiona. Shule sikufika mbali, lakini nimechagua mitamba maisha yangu yote, na sijawahi kununua rangi ya ngozi.

Kwa muda chama kilifurahi. Mashine ilikuwa inaamka kabla hujaweka mtungi chini. Mweka hazina wetu, mama ambaye alikuwa ameangalia kiti changu miaka mingi, ndiye aliyeisifu zaidi. "Mnaona pesa ikifanya kazi?" alikuwa akiwaambia watu.

Sasa, kwetu chamani kuna desturi. Kikinunuliwa kitu, hata ndoo, risiti inapitishwa mkono kwa mkono kwenye mkutano, kila mtu aishike, kisha kile kitu kinaombewa. Zamu ya kompyuta ilipofika nikasimama, nikaweka pesa zao mezani, zote.

"Haikununuliwa," nikasema. "Ni ya bure."

Nikangoja makofi.

"Ya bure kutoka kwa nani?" mmoja akauliza.

"Haina mwenyewe."

"Kitu kizuri hivyo? Hata mbuzi ukimpata barabarani ana mwenyewe."

"Mama mwenyekiti, na risiti?"

"Risiti ya nini, na pesa ndizo hizo?"

Mweka hazina akajifunga leso vizuri. "Basi tuombee nini? Tuombee wizi?"

Wakacheka. Mjukuu wangu akajaribu kueleza, wakamnyamazisha. "Wewe na shosho yako ni mtu mmoja. Jina moja, mkono mmoja." Kabla chai haijaletwa, kiti kilikuwa kimeenda kwa mweka hazina.

Akachukua pesa zile zile, akaenda kwa kijana fulani wa kibanda mjini, akatolewa yetu akawekewa ile ya kununua. Akarudi na risiti ina mhuri. Ikapitishwa mkono kwa mkono. Mashine ikaombewa, tena kwa sauti.

Msichana akaiangalia mara moja tu. "Shosho, hii imeibwa. Huyo mtu alivunja kufuli ya programu akawauzia." Aliwaambia pia. Wakasema ni wivu. Kwa hivyo mimi niliyeleta kitu cha halali nikabaki mwizi, na cha wizi kikapata amina.

Haikumaliza msimu wa mvua. Asubuhi moja skrini ikawa nyeusi, na wamama wamepanga laini na mitungi yao hadi barabarani. Wakatuma wawili kwangu. Nilikuwa nakata nepia ya ng'ombe.

"Mama, tunaomba ile flashi."

"Nileteeni risiti," nikasema.

Wakaangalia panga langu, wakaenda zao. Siku hiyo nilikula vizuri, sidanganyi.

Jioni mjukuu akaingia akavua gambuti mlangoni.

"Shosho, nimewawekea."

"Nani alikutuma?"

"Haina mwenyewe. Hata wewe huwezi kuwafungia."

Niliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Nikamwambia akafunge kuku.

Siku hizi napanga laini na mtungi wangu kama wengine. Mwenyekiti mpya ametandika sweta lake kwenye kiti changu. Mbele yake kuna ule mstari chini, kitufe kwenye kona, saa upande ule mwingine. Hakuna aliyekuja kwangu kusema lolote. Mkutano uliopita walisimama wakamshukuru aliyewaletea mashine nzuri, wakalitaja jina letu, wakapiga makofi, wote wamemgeukia msichana.