Chura wa Vayolini kwenye Sendofu ya Neema

Chekeni tu jamani, mimi nishazoea aibu. Mpaka leo nikishuka stendi ya Majimoto wale vijana wa bodaboda wananipokea kwa "kroo, kroo!", na mimi na ualimu wangu wote nainamisha kichwa kama natafuta ufunguo nilioudondosha.

Nafundisha sekondari Mpanda mjini, na mwenzangu mmoja wa pale shuleni alinirushia kwenye simu muziki wa vayolini wa huko Ulaya, wa miaka kama mia tatu iliyopita, hauna neno hata moja, ila wale mabwana walioutunga walikuwa wanaweka vayolini moja mbele, zingine zinaifuata nyuma, halafu zinaigiza mvua, radi, ndege, mpaka mbwa anayebweka! Nilianza kusikiliza kwa kujishaua tu (nionekane na mimi najua vitu), nikashtukia nimenasa. Kuna siku nasahihisha madaftari, mvua ikaanza kwenye simu, nikatoka mbio kuanua nguo. Na kuna muziki mmoja ambao vayolini inaigiza vyura. Mwanzo nilidhani simu imekufa spika, lakini ukitulia unawaona kabisa wamekaa kwenye majaruba ya mpunga wanajibizana. Aliyeutunga keshaoza zamani, vyura wake bado wanalia.

Sasa mdogo wangu Neema akapata mchumba, mtoto wa Mzee Maduhu wa hapohapo kwetu Majimoto, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, tena mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa wote mnanyamaza. Siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, mimi nikapewa kazi ya kukaa na fundi muziki. Wakwe wakiingia, pigeni kwaya, basi. Mama alinisisitiza: "Kwaya, baba. Usituletee mambo yako ya Mpanda."

Lakini nikawaza, kwaya kila mtu anapiga, na hawa wakwe wanaishi katikati ya mpunga, si watafurahi kusikia Wazungu wa kale nao waliwaheshimu vyura? Nikachomeka simu yangu kwenye mashine, nikamnong'oneza MC: "Watangazie, unaofuata ni wa chura."

Nyie, nilisahau kitu kimoja. Kwa vijana wa siku hizi chura si yule wa majini. Chura ni makalio, na muziki wa chura ni ule wa kuyatingisha mpaka turubai liombe msamaha.

MC (naye hakuuliza hata swali moja!) akapaza sauti: "Wakwe zetu ndio hao wanaingia, na kaka wa bibi harusi kawaandalia zawadi… chuuuraaa!"

Vijana wakalipuka. Wadada watatu wakajifunga kanga kiunoni, wakaruka katikati, wakainama, na vile walivyoinama wakawa wamewaelekezea wakwe upande usiotakiwa, na mbele kabisa ya wakwe ni Mzee Maduhu, mkewe na mchungaji wao.

Kroo. Kroo-kroo.

Wadada wameinama, wanasubiri mdundo, mdundo hauji. Mmoja akageuza shingo: "Fundi, spika imeungua?" Nikaona niokoe jahazi, nikanyakua maiki: "Tulieni jamani, huyu chura aangaliwe kwa heshima, ana miaka mia tatu!"

Turubai zima likapasuka kwa kicheko. Mama akajifunika kitenge usoni. Mchungaji akawa anakagua nguzo za turubai. Neema hakucheka kabisa, machozi yalikuwa yanamtoka na poda yake yote.

Mzee Maduhu akakohoa.

"Hiki ndicho mlichotuitia?" akauliza, akageuka, na wakwe wote wakageuka naye kuelekea kwenye gari.

Nikachomoa simu, nikawakimbilia, nikapiga magoti kwenye tope na suti ya kuazima. "Baba, nisamehe. Mimi nilimaanisha chura wa shambani. Wa majini kabisa! Naomba umsikilize tu." Nikainuka, nikamwekea simu sikioni. Mkewe anamvuta koti, yeye kasimama. Akasikiliza weee.

"Huyu analia hivi mvua ikiwa karibu," akasema taratibu. "Na huyu anayemjibu ni mkubwa zaidi." Akampa mkewe naye asikilize. Halafu akaniangalia: "Tunarudi. Lakini wewe usishike tena maiki."

Wakaingia kwa kwaya. Neema ameolewa na ana amani, ingawa alininunia mpaka tulipokutana Pasaka. Mimi nimeapa: kwenye shughuli ya watu nitapiga nilichotumwa, na vyura wangu nitawasikiliza chumbani, mlango umefungwa. Labda Mzee Maduhu mwenyewe aombe (na ameshaomba mara mbili nimrushie, ila kasema mchungaji asijue).