Biskuti Zilizookwa Mara Mbili

Biskuti imeshaokwa kiwandani, imefungwa, imepakiwa kwenye lori, imefika dukani Rumonge ikiwa imeiva na kukauka. Sasa kwa nini mtu aivunje, aitie ndani ya keki, aioke upya? Swali hilo lilinikaa kichwani siku mbili nzima. Ndivyo nilivyo: jambo likinishinda kulielewa, situlii. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba ningezaliwa kuku, ningelipasua yai langu mwenyewe ili nione kifaranga kimefikia wapi.

Maelezo ya keki yenyewe nilitumiwa kwa simu na mdogo wangu wa kike anayeishi ng'ambo. Aliiita blondi. Alisema ina rangi ya asali, haina kakao, hukatwa vipande vya mraba, na ukiuma katikati unakutana na biskuti za dukani. Aliyatuma kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mwezi wa tatu wa eda. Wageni waliokuja kumpa pole hawakuja mikono mitupu: walileta sukari, sabuni, na pakiti za biskuti, nyingi hata kabati likakataa kufungika. Yeye hakuzigusa. Mimi nafundisha huko Kabezi, na shule zilipofungwa nilikuja kukaa naye. Kila sahani niliyompelekea chumbani alikula matonge mawili, kisha akasema, "Weka hapo." Sombe ya majani ya muhogo kwa samaki wa mukeke, weka hapo. Wali wa nazi, weka hapo. Mwanamke aliyeuza mafuta ya mawese sokoni miaka yote, aliyekuwa akimhoji mteja mpaka amjue na shangazi yake, sasa hakuuliza hata leo ni siku gani. Niliogopa. Nasema wazi: niliogopa kwamba anamfuata baba polepole, tonge kwa tonge.

Basi nikaamua kuoka. Kabati limejaa biskuti, mayai yapo, unga upo. Kilichokosekana ni siagi, na dukani hata majarini ilikuwa imekwisha. Mwenye busara angengoja kesho. Mimi nikatazama nyuma ya mlango wa jikoni, palipokuwa na bidoni ya manjano iliyojaa mawese, nikajiambia mafuta ni mafuta. Rumonge ukitaja mafuta, hakuna anayefikiria kingine.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la aibu kwa mtoto wa muuza mawese. Mawese mabichi hayamwagwi kwenye unga hivihivi. Unayachoma kwanza kwenye sufuria, povu linapanda, linazima, ile harufu nzito inatoka, ndipo unapika. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Lakini macho yangu yalikuwa bakulini, nikitaka kuona mayai na sukari vitafanya nini vikikutana na wekundu ule. Nikapata rojo la rangi ya boga. Mdogo wangu alisema asali! Nikavunjia pakiti mbili za biskuti humo, nikafurahi peke yangu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Oveni hatuna. Tunaoka kama alivyotufundisha mama: mchanga wa ziwani ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu yake, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Sharti lake ni moja tu, usifunue. Mimi nilifunua mara nne.

Mara ya nne nikasikia sauti kutoka chumbani. "Ni nani anapika mafuta yenye haijachomwa?"

Nilibaki na kifuniko mkononi, makaa yakidondoka. Mama alikuwa tayari mlangoni mwa jikoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akanusa tena, kama anavyonusa mafuta ya mtu sokoni kabla ya kuyanunua.

"Umeitoa wapi hiyo mafuta?"

Nikaonyesha bidoni kwa kidole.

"Hiyo ni ya mwisho ya baba yako," akasema. "Aliikamulisha juma lenye alianguka."

Majuma mawili mama alikuwa akinituma na chupa kwa jirani nikanunue mawese, na bidoni imejaa nyumbani, na mimi, bingwa wa maswali, sikushangaa hata siku moja. Nilidhani anamuunga mkono jirani.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Haukuuliza."

Akavuta kigoda, akaketi. Nikasubiri anigombeze. Badala yake akachungulia sufuria.

"Na iko nini hii?"

"Ni keki, mama. Mudogo wangu ndiye alinielekeza. Iko na biskuti ndani."

"Biskuti za mu kabati?"

"Ego," nikaitikia.

Akakunja uso. "Biskuti si ilisha kuiva? Munaipika tena ya nini?"

Nikacheka, kisha nikalia, nikashindwa kuviachanisha. Lilikuwa swali langu, lote kama lilivyo. Nyumbani walizoea kujiuliza udadisi wangu nimeutoa kwa nani.

"Sijui, mama. Ndiyo nilitaka kujua."

"Kata."

Nikakata. Kingo zilikuwa zimeungua, katikati palikuwa na majimaji, na harufu ya mawese mabichi ilishika koo. Nikampa kipande kwenye kisahani, nikangoja aseme weka hapo. Akauma. Akatafuna taratibu, macho yake kwenye bidoni. Akauma tena. Akala mpaka ule ukingo ulioungua.

"Ni mubaya," akasema. "Lakini biskuti imekunywa mafuta. Ni kavu, inakunywa. Ndiyo maana wanaiweka."

Siku mbili nzima nilihangaika, na yeye alimaliza kwa kipande kimoja.

Akainuka, akaikokota bidoni mpaka kwenye mbabula, jiko letu la makaa.

"Mama, si ulikuwa unaitunza?"

"Mafuta ukiiweka sana inaharibika. Baba yako hakuikamulisha ili tuiangalie."

Akamimina kwenye sufuria safi, akaiteleka motoni. Povu likapanda, jekundu, likivuma. Mama aliinama juu yake akilia, bila kujificha na bila kuacha kukoroga, nami nikasimama kando yake nikishika kifuniko kisicho na kazi. Povu likapungua, likazima. Harufu ikageuka, ikawa ile ya jikoni kwetu ya siku zote.

Akajipangusa uso kwa upindo wa khanga, akanigeukia.

"Biskuti imebaki pakiti ngapi?"