Konde la Raya

Nakumbuka alasiri ile pale Gando, mwanangu, nilipomsahihisha mtu aliyekufa.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikiamini kwamba kosa la tahajia ni dhambi ndogo. Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa karatasi za mwanawe Hamadi, aliyeacha jembe akaenda jeshini na kuuawa katika vita vya Uganda. Ndani ya mkebe mlikuwa na ruhusa ya likizo ambayo hakuwahi kuichukua, orodha ya mbegu za muhogo alizotaka kuzijaribu, na barua moja isiyomalizika.

Barua ile ilikuwa Kipemba kitupu. Niliinakili kwa Kiswahili sanifu: "ntarudi" nikaifanya "nitarudi", na palipoandikwa "konde" nikaweka "shamba", nikidhani nalipa neno heshima. Barua yenyewe nikaitupa kwenye kapu la kuwashia moto.

Ami Faki, nduguye Hamadi, alipokuja, nilimsomea nakala yangu kwa sauti ya darasani: "Shamba alilime Raya, asibughudhiwe." Raya, mjane wa Hamadi, alikuwa papo hapo mkekani.

Uso wa ami ukabadilika. "Shamba? Mikarafuu ya baba yetu, Hamadi ampe mkewe peke yake? Barua hii imetungwa. Basi na asilime chochote!"

Nawe ni mtoto wa Pemba, wajua. Shamba lina miti, na miti ile ilikuwa ya ndugu wote. Konde ni ile ardhi ya muhogo ambayo Hamadi aliifyeka kwa mikono yake, nayo ndiyo iliyomlisha Raya na wanawe wawili. Kwa neno moja nililolipamba, nilikuwa nawanyang'anya chakula.

Bibi hakujua kusoma, lakini alijua mwanawe hangeliita konde shamba. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa. Alikuwa ameiokota kapuni.

"Ee mwalimu," akaniambia, "umemsahihisha marehemu? Alikuomba? Haya, soma hii, wala usitie chumvi yako."

Nikasoma: "Konde alime Raya, asibughudhiwe. Nikijaaliwa ntarudi nimsaidie kupalilia."

Ami akacheka huku akifuta macho. "Kupalilia! Hamadi huyu huyu, aliyekuwa akijificha akiona magugu?" Akamgeukia Raya. "Shemeji, niwie radhi. Lima. Kesho naja na jembe langu."

Na alikuja. Konde lile hadi leo linalimwa na wajukuu wa Raya.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu umeniomba mkebe ule ili uzichape karatasi zake kwenye kompyuta. Nimefurahi, na nitakupa. Lakini kila neno liandike kama alivyoliandika yeye, hata likiyachoma macho yako ya kisomo. Usilolielewa, waulize wazee wa Gando kabla hujaligusa. Na karatasi zenyewe uzirudishe mkebeni, zote. Elimu tuliyopewa ni ya kuwasikia watu vizuri zaidi. Mimi niliitumia kumsemea asiyeweza kunijibu, na ilibaki kidogo wanawe walale njaa.

Mwenyezi Mungu akupe subira na mkono wa amana. Na siku nawe utakapobaki karatasi tu, akujaalie msomaji mwaminifu.